Filamu ya magendo "imepotea" maana yake nini, na makopo ya babu yafanywe nini

Swali: Shikamoo mwalimu. Niliangalia Sky High ya Tom Mix, ile ya 1922 ya magendo ya watu mpakani Mexico, nikaipenda sana japo ni bubu. Nikaanza kutafuta nyingine za aina hiyo, magendo, unga, maaskari wa mpakani, lakini kila nikipata jina naambiwa imepotea. Human Wreckage ya 1923 ndo iliniuma zaidi. Filamu inapoteaje wakati ilionyeshwa nchi nzima? Ilipigwa marufuku? Na kama hamna anayeweza kuiona, wanaosimulia hadithi yake wameijuaje? Halafu marehemu babu alikuwa anaendesha mashine ya sinema hapa Tanga, ameacha makopo matatu ya bati stoo. Yanaweza kuwa kitu? (Salum, Tanga)

Marahaba Salum. Nianzie mwisho wa swali lako maana ndo penye haraka: hayo makopo usiyafungue kwanza, usiyatoe juani, na asionekane mtu anavuta sigara hapo stoo wala kuweka jiko la mkaa karibu. Sababu utaielewa tukifika huko chini, nitarudi kwa babu.

Sasa neno "imepotea". Sisi tunaofanya kazi kwenye hifadhi za filamu tukisema filamu imepotea hatumaanishi kwamba tumeiona ikiungua. Tunamaanisha kwamba kwenye stoo zote zinazojulikana duniani, za serikali, za makampuni, za watu binafsi walio tayari kusema wana nini, haijajitokeza hata kopi moja. Ni kama mtu aliyetoka na jahazi na jahazi halijarudi, hujamzika, unamngoja. Na wanaongojwa ni wengi kuliko waliorudi. Mwaka 2013 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa utafiti wa David Pierce, huyu bwana alihesabu filamu ndefu bubu za Kimarekani zilizotoka kati ya 1912 na 1929 akakuta ni karibu 11,000, na zilizobaki nzima kama zilivyotoka, kwenye mkanda ule ule wa upana wa sinema, ni asilimia 14 tu. Ukiongeza zilizobaki kwa kopi hafifu, kopi za nje na zile zenye mapengo, bado asilimia 70 hivi hazionekani. Asilimia 70! Mi hii namba nimeisoma mara nyingi na mpaka leo bado inanikata maini.

Kwa hiyo hiyo Sky High uliyoiangalia kwenye simu yako ni mmoja wa waliorudi na jahazi. Na uzuri wake ni kwamba inaonyesha filamu hizi zilikuwa zinaokota nini kwenye magazeti ya siku zile. Tangu 1882 Marekani ilikuwa na sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia, na penye katazo njia za panya hazikosekani, watu wakawa wanapitishwa usiku kutokea Mexico, hasa pale Mexicali na Calexico, miji miwili iliyogawanywa na mstari tu. Tom Mix anacheza afisa wa uhamiaji anayetumwa kuwanasa wapitishaji, halafu zinakuja zile picha za Grand Canyon kutoka kwenye ndege, mwaka 1922 hiyo, watu wengi hata ndege yenyewe hawajawahi kuiona kwa karibu. Mwaka 1998 filamu hiyo iliingizwa kwenye orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa. Januari 1920 pombe nayo ikapigwa marufuku nchi nzima, magendo yakahamia kwenye chupa, mpaka wa Mexico huku, mpaka wa Canada kule, na 1924 ndo kikaundwa kikosi cha doria ya mpakani. Studio hazikuwa na haja ya kubuni adui, adui alikuwa kwenye gazeti la asubuhi. Ndo maana unakutana na majina mengi hivo ya filamu za magendo, nyingi zilikuwa za bei rahisi, za haraka, za kuonyeshwa wiki moja kisha inakuja nyingine. Na za bei rahisi ndo hakuna aliyezililia.

Zimepoteaje? Hamna mwizi mmoja hapa, ni mambo matatu yaliyoshikana mikono.

La kwanza ni mkanda wenyewe. Filamu za sinema mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa kwa plastiki ya naitreti, na naitreti ni ndugu wa baruti, sisemi kwa mfano, ni jamii moja kabisa ya kemikali. Ikishika moto inajitengenezea oksijeni yake yenyewe, ukiimwagia maji inaendelea, ukiizamisha kwenye ndoo inaendelea. Na hata isipoungua inaoza taratibu ndani ya kopo, na kadri inavyooza inatoa gesi ya asidi, na hiyo gesi ikikosa pa kutokea inazidi kuiozesha, na mkanda uliooza sana ukikaa kwenye joto la muda mrefu, hata nyuzi 40 tu, unaweza kujiwasha bila kiberiti.

Kopo la kwanza la naitreti nililofunguliwa nikiwa mwanafunzi, kwenye hifadhi moja ya huko nje, naliona mpaka leo. Kifuniko kimeshika kutu, yule mama aliyekuwa ananifundisha akakizungusha pole pole kama anafungua kopo la samli, ikatoka harufu ya soksi zilizovaliwa wiki nzima, kali, inachoma pua. Upande wa nje mkanda ulikuwa umegeuka kitu cha kahawia kinachonata, umeshikana mzunguko kwa mzunguko kama halua iliyosahaulika juani, na juu yake mapovu. Nikasema moyoni hapa hamna kitu. Yule mama akachukua kijiti cha mbao akasogeza taratibu akafika katikati, akakata kipande kifupi akakiweka kwenye meza ya taa. Fremu nne. Mwanamke amevaa kofia anageuza uso, kwenye ya kwanza anaangalia pembeni, kwenye ya nne anakuangalia wewe. Safi kabisa, unaona mpaka nyuzi za kofia. Filamu nzima ilikuwa imekufa, zile fremu nne ziko hai. Mi kazi yangu ilianzia hapo mezani.

La pili ni pesa. Filamu bubu ikishazunguka majumba yote ya sinema ilikuwa haina thamani tena, hapakuwa na televisheni, hapakuwa na mtu wa kukodi kaseti, na sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920 ndo kabisa, nani atakata tiketi aangalie watu wanaofungua midomo bila kusikika? Lakini kwenye mkanda mweusi na mweupe kuna madini ya fedha, ile picha unayoiona ni chembe za fedha. Basi makampuni yakawa yanauza mikanda kwa uzito, inachemshwa, inatolewa fedha, biashara imeisha. Na kutunza stoo za naitreti ni gharama, ni bima, ni hatari. Universal mwaka 1948 waliteketeza filamu zao bubu walizobaki nazo, kwa makusudi. Hata Maktaba ya Bunge yenyewe, ambapo kila kampuni ilipeleka filamu kusajili haki miliki, kwa miaka mingi ilikuwa inasajili halafu inawarudishia wenyewe mikanda yao, maana nani anataka baruti ndani ya maktaba.

La tatu ni moto. Kampuni iliyotengeneza Sky High ni Fox, na Fox walikuwa na stoo yao Little Ferry, New Jersey. Tarehe 9 Julai 1937, katikati ya wimbi la joto, mikanda ikajiwasha yenyewe usiku, stoo moja ikawasha nyingine, zikaenda zaidi ya rili 40,000, yaani magurudumu ya mkanda. Ndimi za moto zilitoka madirishani zikavuka mpaka kwenye nyumba za majirani, mtoto wa miaka 13 akafa kwa majeraha. Humo ndani ndo zilikuwemo sehemu kubwa ya filamu za Tom Mix, za Theda Bara ambaye alicheza zaidi ya 40 na leo zilizo nzima unazihesabu kwa vidole, na za wengine wengi ambao hata majina hatuyataji tena. Halafu fikiria hili: baada ya moto kuzima walikuja watu na malori, wakapakia makopo yaliyoungua malori 57, wakaenda kuchuja fedha kwenye majivu. Ilipatikana kama senti 5 kwa kila kopo, jumla dola 2,000 hivi. Hiyo ndo bei ya mwisho iliyolipwa kwa kazi ya maelfu ya watu.

Sasa Human Wreckage. Hii naomba nikae nayo kidogo maana umeigusa na mimi inanigusa. Wallace Reid alikuwa staringi mkubwa kabisa wa kampuni ya Paramount, kijana mzuri wa sura, mapenzi ya watu wote. Mwaka 1919 wakiwa safarini kwenda kupiga filamu inaitwa The Valley of the Giants treni ikapata ajali, akaumia, na badala ya kupumzishwa akachomwa mofini, dawa kali ya kuua maumivu inayomfanya mtu kuwa teja, ili amalize kazi. Hakutoka tena. Alifariki tarehe 18 Januari 1923, ana miaka 31. Mkewe Dorothy Davenport, naye mwigizaji, hakujificha. Miezi mitano tu baadaye, Juni 1923, alitoka na Human Wreckage, yeye mwenyewe ndani, pamoja na mtayarishaji Thomas Ince, mwongozaji John Griffith Wray. Mwanasheria anazidiwa na kazi anaingia kwenye mofini, nyuma yake kuna mtandao wa wauza unga na wakubwa wanaowalinda. Bessie Love alicheza mama kijana, teja, ambaye mtoto akilia anajipaka mofini kwenye titi ili anyamaze. Jamani, 1923! Na mule ndani alionekana meya wa Los Angeles mwenyewe kwa sura yake.

Umeuliza kama ilipigwa marufuku. Uingereza ndiyo, bodi yao ya ukaguzi iliikataa 1924. Kwao Marekani ilionyeshwa na watu wakajaa. Kwa hiyo marufuku siyo iliyoiua, na hili nakuomba ulishike maana watu wanapenda sana hadithi ya filamu iliyofichwa na serikali kwa sababu inasema ukweli. Ukaguzi ulikata vipande, kweli, majimbo kama Pennsylvania, Ohio na New York yalikuwa na bodi zao na kila bodi ina mkasi wake. Na mwaka 1927 chama cha studio chini ya Will Hays kilitoa orodha ya mambo, biashara haramu ya dawa za kulevya ikawekwa kwenye yale ya kutoonyeshwa kabisa, na mbinu za magendo zikawekwa kwenye yale ya kwenda nayo kwa uangalifu, waliogopa filamu iwe darasa la kufundishia njia za panya. Mexico nayo 1922 ilikataa filamu za makampuni yaliyozoea kumfanya Mmexico ndo jambazi kila siku, na walikuwa na haki yao, ukiangalia filamu za mpakani za wakati ule utaelewa kwa nini. Lakini mkasi wa bodi unakata dakika tatu, nne. Kinachomaliza filamu nzima ni stoo yenye joto na mtu wa mahesabu anayeuliza hii inatuingizia nini.

Tumejuaje hadithi yake basi? Karatasi, Salum. Karatasi imeishi kuliko mkanda. Tangu 1912 aliyesajili filamu Washington alipeleka na maelezo ya hadithi, mengine kurasa nyingi, na yale yapo. Picha za mnato za matangazo zilichapwa kwa mamia na nyingi zipo. Wahakiki waliandika magazetini wiki ile ile. Na cha ajabu ni kwamba wale wale wakaguzi tunaowalaumu ndo wametutunzia, hifadhi ya jimbo la New York ina maandishi ya filamu zaidi ya 50,000 zilizopita kwenye bodi yake kati ya miaka ya 1920 na 1965, kwa filamu bubu unakuta maneno yote ya kwenye kioo yamepigwa taipu, hivo filamu ambayo hamna aliye hai aliyeiona unaweza kuisoma mwanzo mpaka mwisho. Kuisoma lakini. Usoni kwa Bessie Love kulikuwaje pale anapompa mtoto titi, hilo hakuna mpiga taipu aliyeliandika.

Matumaini yapo? Yapo, na yako mbali na nyumbani. Hili ndo jambo ambalo watu wengi hawalijui. Kopi zilizokaa karibu na makao makuu ndo zilichemshwa na kuungua, maana zilikuwa karibu na mwenye mali. Zilizopona ni zile zilizofika mwisho wa reli, mahali ambapo gharama ya kuzirudisha ilikuwa kubwa kuliko thamani yake. Dawson City, kule Yukon, Canada, filamu zilikuwa zinafika zimechelewa miaka miwili mitatu, studio zikasema msiturudishie. Zikalundikana, na 1929 wakazitumia kufukia bwawa la kuogelea, juu yake pakawa uwanja wa kuchezea kwenye barafu. Mwaka 1978 katapila likachimba pale, likatoa rili 533 ardhini, ardhi iliyoganda ilikuwa imezitunza kama friji. Mashirika ya usafiri yalikataa kuzibeba, ikabidi ndege ya jeshi. New Zealand nako, 2009 na 2010, ziligunduliwa filamu 75 za Kimarekani, ikiwemo Upstream ya mwongozaji John Ford ya 1927, ya Fox hiyo hiyo ambayo stoo yao iliungua.

Na sasa sikiliza hii, maana ndo sababu Human Wreckage sijaikatia tamaa. Mwaka 2010 hifadhi ya taifa ya Urusi, Gosfilmofond, iliikabidhi Maktaba ya Bunge kopi za filamu 10 za Kimarekani zilizodhaniwa zimepotea. Mbili kati ya hizo ni za Wallace Reid. Moja ni You're Fired. Nyingine ni The Valley of the Giants ya 1919, ndiyo ile ile, ile ya safari ya treni, ile iliyomvunja. Filamu aliyolipa kwa maisha yake ilikaa Urusi miaka mingi, ikarudi kwao. Ile ambayo mkewe aliitengeneza kwa uchungu bado.

Huku kwetu je? Sinema ya kutembezwa ilishafika Zanzibar mapema sana, jina la Hassanali Adamji Jariwalla wazee wa Unguja wanalijua, na 1921 Vuga ikapata jumba la Royal, la maana kabisa, lililochorwa na J. H. Sinclair. Liliungua miaka ya 1950, pale pale pakajengwa Majestic ambayo jengo lake hata leo unalipita. Kwa hiyo enzi ya filamu bubu mikanda ya naitreti ilikuwa inashuka bandarini kwetu kama kwingine, na sisi tulikuwa mwisho wa reli kama Dawson. Tofauti ni kwamba wao wana barafu na sisi tuna kaskazi, joto na unyevu, na naitreti haipendi vyote viwili. Nakwambia hivi usije ukajenga ghorofa kichwani kabla ya kujua kuna nini stoo.

Basi makopo ya babu. Babu akiwa kazini miaka ya 50 au 60, uwezekano mkubwa ni filamu za Kihindi au vipande vya matangazo, na huenda ni mkanda wa salama, ule wa asetati ulioingia badala ya naitreti. Huo haulipuki, ila ukioza unanuka siki kabisa kama siki ya kachumbari. Chagua asubuhi mapema kukiwa bado na ubaridi, yatoe nje kivulini penye upepo, kopo moja moja, usiyatikise. Nusa kwanza kifuniko kikiwa kimefungwa. Ikiwa siki, ni nafuu. Ikiwa ile harufu ya soksi, au ukiona unga wa kahawia unatoka kwenye ukingo wa kopo, acha hapo hapo, usifungue, liache kivulini mbali na nyumba na watoto.

Kama harufu ni ya kawaida fungua taratibu, usilazimishe kwa bisibisi maana cheche moja inatosha. Pima upana wa mkanda kwa rula bila kuufungua, kama ni sentimita tatu na nusu ni wa jumba la sinema, kama ni kama sentimita moja na nusu ni ule mdogo na huo karibu kila mara ni salama. Halafu angalia pembeni, nje ya matundu, kuna maandishi madogo sana, tafuta neno SAFETY au NITRATE. Usijaribu kuchoma kipande kuona kama kinawaka, najua mafundi wa zamani walifanya hivo, usifanye. Usiupitishe kwenye mashine yoyote. Usifunge kopo kwenye nailoni, linahitaji kupumua. Na kama ni NITRATE usilipandishe basi kulipeleka Dar, piga simu kwanza Nyaraka za Taifa uwaeleze, na mimi niandikie nikuunganishe na wenzangu wa shirikisho la hifadhi za filamu duniani, FIAF, wanajua namna ya kusafirisha.

Piga picha vifuniko vyote, pande zote mbili, hata kama ni kutu tupu, maana mara nyingi jina la filamu lililochapwa limefutika lakini mwendesha mashine aliandika la kwake kwa penseli au kukwaruza kwa msumari, namba ya rili, tarehe, jina la meneja. Mwandiko wa babu unaufahamu wewe. Na kama bibi bado yupo kaa naye, muulize babu alianza kazi mwaka gani, jumba gani, mikanda ilikuwa inaletwa na nani na ilirudishwa wapi, na kwa nini haya matatu hayakurudishwa.